Taa Inayotangulia Ngoma

1

Siku ile kuku walikwenda kulala saa sita mchana, na Mbuke akajua kwamba Pazia limefika.

Ulikuwa mwaka wa kumi na nne tangu wakubwa wa dunia wakubaliane kutandaza Pazia, unga mweupe juu kabisa ya mawingu, ili jua lipunguze ukali. Miezi mingine hukuuona. Julai ulijikusanya juu ya ziwa na vijiji vyake, na kwa siku arobaini mchana wote ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Vivuli viliondoka. Watu walizungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa, na ukimwona mtu kwa mbali ilikuwa vigumu kujua kama anakuja au anakwenda. Pamba ilikwisha kuvunwa, hapakuwa na wa kukimbilia shamba. Kwa hiyo watu wa Mwandulu walifanya jambo ambalo watu wenye akili zao hulifanya wakikosa jua: walicheza ngoma.

Mbuke alikuwa barazani kwake, sindano mdomoni, kizibao cha mchezaji mapajani. Kwa asili alikuwa fundi wa redio kama marehemu baba yake, lakini redio za siku hizi zilikuwa zimejifunza ukaidi wa kutoharibika, naye alichoka kukaa akizitazama. Akaanza kuwashonea wachezaji mavazi yenye vitaa. Chini ya Pazia kitaa kidogo kilionekana mchana kutoka upande wa pili wa uwanja, na mchezaji asiye na taa alipotelea kwenye weupe ule kama hakuzaliwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Kila vazi lilikuwa na betri moja bapa ya volti tatu, ndogo kuliko kifungo cha koti, na vitaa sita vya ukubwa wa punje ya mtama. Uzi ulikuwa wa chuma laini, unaopita kwenye tundu la sindano kama uzi wowote ila unabeba umeme. Betri aliishonea kifuko cha nje, mbali na jasho. Kila fundo alilipaka rangi ya kucha lisije likagusana na jirani yake. Na kifuani aliweka kifungo kimoja cha kubana, kile cha chuma cha nguo za watoto wachanga: ukikibana umeme unapita, ukikivuta kwa kidole kimoja, tk, kila kitu kinazima.

Wazo la kifungo hicho lilikuwa la baba yake. Mzee yule alikufa na kanuni moja tu, na aliirudia mpaka wanawe wakawa wanaimalizia kabla yake: usimvishe mtu kitu asichoweza kukizima mwenyewe.

"Vimebaki vingapi?" Shangazi Holo aliuliza, akijitosa barazani bila hodi. Alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo, wa chama cha Korongo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, na hodi aliiona ni adabu ya wageni.

"Viwili, shangazi. Chako na changu."

"Changu kiwe na vitaa vingi."

"Kitakuwa na sita kama vya wenzako. Ukizidisha betri itakufa kabla ya wimbo wa pili."

Shangazi alicheka, kisha kicheko kikakatika. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama ngoma kubwa iliyoegemezwa ukutani. Jina lake Kalunde, na ngozi yake ilikuwa imeng'aa kwa mikono ya wanawake wa vizazi vitatu. Huko Mwandulu vyama viwili, Korongo na Nyuki, vilicheza siku zile zile kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na katikati ukachorwa mstari wa majivu. Hakuna jaji. Watu hutembea kwenda wanakopenda, na siku ya mwisho wanahesabiwa walikosimama. Chama kikishindwa miaka mitatu mfululizo, ngoma yake inahamia kwa washindi na jina lake halitajwi tena. Korongo walikuwa wameshindwa miwili. Walikuwa wamebaki wachezaji tisa, na mmoja wao alikuwa na goti bovu.

"Bibi yako alimbeba huyu mgongoni," Shangazi Holo alisema, "akiwa na mimba ya baba yako. Sitaki niwe mimi wa kumtoa nje."

"Hatatoka," Mbuke alisema, na wakati ule aliamini.

2

Siku ya kwanza ya mashindano watu mia tatu hivi walikuja, na kama kawaida wengi wao walisimama upande wa Nyuki.

Nyuki nao walikuwa na taa, nyingi, nyekundu na kijani. Fundi wao alifanya kama mafundi wote wa Kanda ya Ziwa wanavyofanya: aliweka swichi chini ya kisigino. Unachukua vipande viwili vya foili, unaweka katikati sponji yenye tundu, mguu ukikanyaga foili zinagusana na taa inawaka. Mguu, ngoma na taa, vyote pamoja.

Mbuke hakufanya hivyo. Korongo walicheza ngoma ya jembe, na mtu aliyelelewa kwenye ngoma ya jembe huanza kuhesabu begani. Kule ndiko mchezo unakozaliwa, mkono unapopandisha jembe. Basi bila kufikiri mara mbili alishona swichi zake mabegani. Ilikuwa siku ile tu, jembe la kwanza lilipopanda, ndipo alipoona amekosea. Bega hupanda kabla mguu haujashuka. Vitaa vya Korongo viliwaka mapema, sehemu ndogo ya sekunde kabla ya Kalunde kulia.

"Taa zako zina haraka," mwenzake alimnong'oneza wakicheza.

Mbuke alikuwa amekwisha kuona aibu, akawa anacheza huku anatafuta pa kuficha uso. Ndiyo maana alichelewa kuona kilichokuwa kinatokea.

Watu walikuwa wanakuja. Hawakuja kwa mbio wala kwa kelele. Walikuja kama watu wanaoingia majini polepole: hatua, kituo, hatua. Kila vitaa vilipowaka, safu nzima ya watazamaji ilipeleka mguu mbele, na ngoma ilipolia mguu ulikuwa umeshatua. Wengine walikuwa bado wanaongea na jirani zao. Mwanamke mmoja alikuwa ananyonyesha, akavuka mstari wa majivu bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. Ndani ya weupe ule, pasipo vivuli, ilikuwa nzuri mno kutazama. Mbuke alihisi machozi yanamlenga kwa raha. Waliokuwa salama ni wachezaji tu, kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye majembe. Ukilitupa jembe hewani huna nafasi ya kutazama kingine.

Na katikati ya wale waliovuka alimwona babu Malale.

Kila mtu Mwandulu alimjua Malale. Mkewe, Ng'walu, alikuwa mchezaji wa Nyuki, na alipofariki miaka tisa iliyopita mzee aliapa mbele ya kaburi kwamba hataukanyaga mstari wa majivu maisha yake yote. Hata akitaka kwenda dukani siku ya ngoma alizunguka uwanja mzima. Watoto walimtania kwa hilo, naye alifurahi kutaniwa. Sasa alikuwa amesimama upande wa Korongo, majivu kwenye viatu vyake, mdomo wazi, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeamshwa asijue yuko nyumba gani.

Jioni wakahesabu kwa kujifurahisha tu. Korongo watu mia mbili na arobaini. Shangazi Holo alimkumbatia Mbuke mpaka jembe likawaumiza wote wawili.

3

Asubuhi ya pili, siku ya mapumziko, babu Malale alifika barazani na redio kwapani.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, babu. Ina nini?"

"Haisemi."

Mbuke aliiwasha. Ilisema vizuri tu, ilikuwa inasoma bei za pamba. Aliizima, akaiweka mezani, akasubiri. Mzee alikaa. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata mahali pawili.

"Wewe ni fundi," alisema mwisho. "Unajua vitu vinavyosikika kutoka mbali. Nikuulize. Mtu aliyekufa anaweza kumwachia mumewe?"

"Kumwachia vipi, babu?"

"Kumwambia basi, nenda utakako." Alitazama viatu vyake, majivu hakuwa ameyafuta. "Jana sikutaka kuvuka. Nilikuwa nimesimama pale pale ninaposimama siku zote, na miguu ikaenda. Nikajiambia, Malale, miguu yako haiwezi kwenda hivi hivi, labda Ng'walu amekuruhusu. Halafu nikafikiri tena. Nikasema labda amenichoka. Nimemwuliza, hajibu. Zamani nilikuwa nikimwuliza jambo nilikuwa najua angesema nini. Leo sijui."

Mbuke aliwazia vitaa vyake vilivyotangulia ngoma. Alimpa mzee redio yake. Alimwambia haina tatizo. Mzee alishukuru kwa adabu, akashuka kwenye weupe, na baada ya hatua kumi hakuonekana.

Mbuke aliingia ndani, akafunga mlango. Alitundika vazi lake kwenye msumari, akafunga kamba kwenye bega la vazi ili aweze kulipandisha akiwa mbali. Kwa mkono mwingine akapiga kopo. Kamba, taa, kopo. Kamba, taa, kopo. Kwenye pigo la tano mguu wake ulitoka.

Aliurudisha. Akaanza upya, safari hii ameshika nguzo ya nyumba. Mguu ulivuta. Akahamisha swichi, akaipeleka kisiginoni kama walivyofanya wengine wote, akapiga tena: hakuna kitu, vitaa vizuri tu. Akairudisha begani, na mguu ukaondoka.

Aliketi sakafuni, akafikiri kama fundi. Jicho linaiona taa. Mwili, ambao umekulia kwenye ngoma tangu tumboni, unajua kwamba taa na pigo ni kitu kimoja, lakini pigo halijaja. Mwili hauwezi kuvumilia ule upungufu. Kwa hiyo unalileta pigo wenyewe, kwa kitu pekee ulichonacho, nao ni mguu. Ukiwa na vitaa sita mtu anauhisi mguu ukivutwa. Ukiwa na hamsini na vinne vinavyowaka pamoja, hajui hata kama kuna cha kuzuia.

Hakuna aliyewahi kuligundua kwa sababu hakuna fundi mwingine ambaye angekosea hivyo. Alijikuta anacheka peke yake, kisha akaona haya kucheka.

4

"Kwa hiyo umepata dawa," Shangazi Holo alisema baada ya kuelezwa yote. Alikuwa anamenya viazi vitamu na kisu hakikusimama.

"Si dawa, shangazi."

"Ni dawa. Bibi yako alimpaka Kalunde mizizi sita kila Julai ili watu wavutike. Nyuki nao wana yao, wanaifukia chini ya nguzo yao, kila mtu anajua. Nani amewahi kuwaomba watazamaji ruhusa?"

"Ya bibi ilikuwa inafanya kazi?"

"Miaka mingine ilifanya. Miaka mingine haikufanya."

"Basi watu walikuwa na nafasi ya kukataa. Yangu nimeipima leo mara ishirini, na mara ishirini mguu wangu umeondoka. Mimi niliyeitengeneza!" Mbuke alijigusa kifuani, pale kifungo kinapokaa. "Sisi tunavaa hiki. Wao hawakuvaa kitu. Wakitaka kuizima watavuta nini?"

Kisu kilisimama.

"Babu Malale anadhani mkewe amemchoka," Mbuke aliongeza.

Shangazi Holo alikiweka kisu chini. Nje kuku walikuwa wanapanda mitini kulala, jogoo mmoja akilalamika. Alipoongea sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwenda mahali.

"Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mbili. Sina mtoto, unajua. Nina Kalunde. Kesho wakimchukua, nitaamka asubuhi nifanye nini? Niambie wewe mwenye kupima." Alijifuta macho kwa mkono wenye maganda. "Siku moja tu, Mbuke. Moja. Ikishapita, ng'oa vitaa vyote, choma moto, sitakuuliza."

Na Mbuke, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu huyo ndiye aliyemfundisha kutembea na kucheza katika mwezi mmoja, alisema sawa. Alitoka pale amejichukia.

5

Siku ya mwisho Pazia lilikuwa zito kuliko siku zote. Hukuweza kuona mwisho wa uwanja. Uliona taa za Nyuki zikielea upande wa pili, nyekundu na kijani, na chini yake mngurumo wa watu wasioonekana vizuri.

Shangazi Holo alimkabidhi Kalunde kwa mpigaji, akatema mate chini, akaanza wimbo. Majembe yakapanda. Vitaa hamsini na vinne vikawaka, kisha ngoma ikalia, na kutoka ndani ya weupe watu wakaanza kutokea.

Mbuke alikuwa ameapa kutotazama. Macho kwenye jembe, alijiambia, macho kwenye jembe. Lakini kuna zamu katika ngoma ile ambapo mchezaji wa pembeni huzunguka uwanja akipita karibu na mstari, na zamu ilikuwa yake. Alipita. Akaona nguzo ya Nyuki, ambayo sasa karibu haikuwa na mtu.

Alikuwepo mmoja. Babu Malale alikuwa amejifunga kwenye nguzo. Alikuwa amechukua kitenge cha mkewe, kile cha rangi ya manjano alichokuwa anakianika uani kila Jumamosi miaka tisa hii, akakizungusha kiunoni na kwenye nguzo mara mbili, na fundo amelikaza mbele kwa mikono yake yote. Uso alikuwa ameuinamisha kando, anasali au analia, lakini taa bado zilimfikia pembeni mwa jicho. Na miguu ilikuwa inatembea. Kila vitaa vilipowaka, mguu ulitoka. Kitenge kilimkaza, na mguu ukarudi. Chini yake udongo ulikuwa umeshachimbika.

Mbuke alishusha jembe, akavuta kifungo.

Tk. Vitaa vyake sita vilizima. Vilibaki arobaini na vinane, na watu waliendelea kuja.

"Washa!" Shangazi Holo alimwimbia katikati ya ubeti, akilipachika neno hilo kwenye wimbo kama ni sehemu yake. "Mbuke, washa!"

Mbuke hakuwasha wala hakuacha kucheza. Alicheza gizani mwake, na kila alipopandisha jembe alilielekeza kule kule, kwenye nguzo, mpaka shangazi yake naye akageuka kutazama anaonyeshwa nini.

Sauti ya manju ilikatika. Watu wanaokumbuka siku ile wanasema hawajawahi kuisikia ikikatika, si kabla wala baada. Ngoma ililia mara tatu bila wimbo. Kisha Shangazi Holo, aliyekuwa amevaa kizibao chekundu cha mama yake, alipeleka kidole kifuani taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba. Tk. Aliyemfuata alimtazama, akavuta. Mwenye goti bovu akavuta. Vifungo vikaenda vikilia kimoja baada ya kingine mpaka cha tisa.

Umati ulisimama katikati ya uwanja, miguu kwenye majivu. Mtu alipiga chafya. Mtoto akauliza, "Mama, twende wapi?" na mama yake akajitazama miguu kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

Korongo walicheza mpaka mwisho, bila taa, tisa wenye majembe ambao ungeweza kuwaona ukiwa karibu tu. Walicheza vizuri. Mbuke alijua walicheza vizuri, na alijua pia kwamba haitatosha. Watu walirudi kwa Nyuki kumi kumi, wengine wakitazama nyuma kwa haya, na walipohesabiwa, upande wa Korongo walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Shangazi Holo aliwashukuru hao kumi na mmoja kwa majina. Kisha akapandisha sauti yake ya kufukuza ndege, akaueleza uwanja mzima kilichofanyika: taa, bega, mguu. Alisema, "Mimi nilijua, na nilisema ichezwe." Jina la Mbuke hakulitaja.

Kalunde alikuwa na masikio mawili ya mbao, na desturi ilitaka abebwe na watu wawili kuvushwa majivu. Shangazi alishika sikio moja, akaliachia, hakuweza. Mbuke alishika. Akasubiri mmoja wa wachezaji aje kushika la pili.

Aliyekuja alikuwa babu Malale. Alikuwa amefungua fundo, amekikunja kitenge vizuri na kukiweka begani. Alivuka mstari polepole, akiangalia kila hatua inapotua, akainama.

"Huku nishike mimi," alisema. "Safari hii nimekuja mwenyewe."

Walimnyanyua Kalunde. Alikuwa mzito kuliko Mbuke alivyokumbuka. Walipofika katikati, Mbuke alisema bila kumtazama, "Babu, mimi ndiye niliyeshona zile taa. Ulipokuja barazani sikukwambia. Haikuwa Ng'walu. Hakukuruhusu. Hakusema lolote."

Mzee alisimama, na ngoma ikasimama kati yao. Mbuke alisubiri tusi, na alikuwa tayari kulipokea.

"Kumbe," babu Malale alisema. Alivuta pumzi, na uso wake wote ukafunguka. "Maana nilikuwa nashangaa. Mwanamke yule alikuwa na wivu, mwanangu, hujaona. Nikajiuliza, siku tatu hizi, wivu wake wote umekwenda wapi?"

Akalishika vizuri sikio la Kalunde, akatangulia kuvuka kuelekea upande wa mkewe, huku anacheka peke yake.